Niliandika Sijaolewa

Msinipe pole. Pole hupewa aliyeonewa, na mimi hakuna aliyenionea. Nilimkana mume wangu kwa kalamu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje. Mume wangu alikuwa Mholanzi aliyekuja kuchimba visima kwenye vijiji vipya vya ujamaa, huko Likawage. Alisilimu kabla ya kunioa, sheikh akampa jina la Yusufu bin Abdallah, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye cheti chetu cha ndoa. Pasipoti yake ilikuwa na jina jingine kabisa. Kwetu nani angejali? Mtu kasilimu, kapewa jina, basi!

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, akaniambia, "Mke wangu, twende bomani tufunge ndoa ya serikali kwa jina la pasipoti. Bila hiyo, kwetu hawatakupa karatasi ya kuishi kama mke."

Nikampelekea baba habari ile. Alikuwa anabangua korosho, hata kichwa hakuinua.

"Nimekuoza mbele ya mashahidi," alisema. "Leo ukaolewe tena bomani? Watu watauliza, miaka miwili hii mlikuwa mnaishi vipi?"

Jamani, haya ile! Ilinishika kuliko mapenzi. Mume wangu alipanga twende Jumatatu. Jumatatu ilipofika nikajifunika khanga gubigubi, nikasema nina homa. Jumatatu ya pili, homa tena. Maskini, akakaa ananikanda kwa kitambaa cha maji! Wiki ya tatu siku yake ya safari ikafika, akaondoka, akaniachia nauli nimfuate.

Nikaenda Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Uholanzi, kuomba ruhusa ya kuingia kwao. Karani akaniuliza nataka karatasi gani. Ya mke ilitaka cheti chenye jina la pasipoti, maana yake mume arudi tufunge ndoa upya. Ya mgeni ilikuwa ya miezi mitatu, na ilitoka baada ya siku chache tu.

Nikachagua ya mgeni. Palipoulizwa hali ya ndoa, niliona nikisema nimeolewa nitadaiwa cheti. Nikaandika: sijaolewa. Palipoulizwa mwenyeji wangu kule ni nani, nikaandika: rafiki.

Rafiki! Mume wa ndoa, huyo!

Nilikaa naye miezi yangu mitatu, na nilichoandika sikumwambia. Tulikubaliana nitangulie kurudi, naye aje baadaye twende bomani. Kabla hajaja akaugua, akalazwa.

Nikarudi mbio kwa yule karani na cheti cha sheikh mkononi, naomba karatasi ya mke. Akavuta faili, akanionyesha fomu yangu ya kwanza.

"Dada, mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Basi wewe si mke wake. Umesema mwenyewe."

"Nipe hata ya mgeni, kaka yangu. Mgonjwa yule!"

"Ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo. Nitakuandikia nini?"

Nilitoka nje nikasimama juani. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na watu wa nyumbani wananiogopa kwa hilo.

Telegramu ilitoka kwa dada yake. Amefariki, na wameshamzika kwa jina la pasipoti, kwa dini ya wazazi wao. Hawakufanya ubaya. Kwenye karatasi zote marehemu hakuwa na mke, na wa kuwaambia kwamba yule ni Mwislamu nilikuwa mimi, nimekaa Kivinje.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Baba alikuwa akija mlangoni, anakohoa, anaondoka. Simlaumu. Homa ile niliigiza mimi, na kalamu niliishika mimi.

Mabinti mnaoolewa na wageni, nawaomba! Nendeni bomani hata mara kumi, ndoa ya sheikh haiharibiki kwa kuandikwa tena. Watu watasema wiki moja, watachoka. Na karatasi ya haraka iogopeni. Mimi ilinipa miezi mitatu na mume wangu, ikamnyima yeye mtu wa kumwosha na kumswalia.