Betri za Redio ya Mpakani

Nilikuwa koplo, mwendesha redio katika kambi moja nje kidogo ya Mwanza, mwaka ule kikosi chetu kilipopeleka askari kulinda mpaka upande wa Kagera. Wakimbizi walikuwa wanavuka kila siku, na pamoja nao walivuka watu wenye silaha. Kazi yangu ilikuwa kuongea kwa redio na askari wetu wa mpakani asubuhi, mchana na jioni, na kufikisha ujumbe wao kwa wakubwa.

Kiongozi wao alikuwa sajenti Mhaya, mtu mzima, mpole wa maneno. Wiki ya tano aliniambia, "Koplo, betri zetu zinakufa. Tunazianika juu ya bati, zinapata nguvu kidogo, kisha zinalala tena. Tusaidie."

Niliandika ombi siku hiyo hiyo. Zamani vifaa kama hivyo vilitoka bohari ya serikali. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na ununuzi ulipitia kwa mzabuni, mfanyabiashara mwenye ofisi mjini, upande wa Mirongo. Nilitumwa kwake mara sita. Ofisini palikuwa na televisheni za rangi, na katoni za soda za nje zilizopangwa hadi darini. Kila nilipofika alinivutia kiti na kusema, "Dada, mzigo bado uko Dar. Vuta subira." Nikirudi kambini, meja wetu anasaini barua nyingine ya kukumbusha, naipeleka mwenyewe.

Masika yakaanza, jua la kuanikia betri likapotea. Sajenti akapunguza mawasiliano hadi mara moja kwa siku, saa sita mchana, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Siku moja akauliza, "Koplo, unanipata?" Nikajibu nampata. Akauliza tena vilevile. Nilipaza sauti hadi karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Baada ya hapo hatukumsikia tena redioni.

Zilipita siku kumi na moja, betri zikafika. Nilifungua sanduku la kwanza nikajua kwa kuziangalia tu kwamba haziwezi kuingia kwenye redio zile. Zilikuwa kubwa mno. Meja aliichukua moja, akaigeuza mkononi, akairudisha sandukuni.

"Zipokee," akasema. "Tukizirudisha tunaanza upya."

"Afande, hazifai kitu."

"Najua, Koplo. Zipokee."

Nikasaini.

Wiki hiyo hiyo askari mmoja wa kule, mwenyeji wa Magu, alishikwa na malaria ikampanda kichwani. Gari la wagonjwa lilikuwepo mji wa jirani, lina mafuta, linangoja kuitwa tu. Hawakuwa na namna ya kuliita. Wenzake walimbeba kwa machela kwenye matope tangu alfajiri. Alikata roho kabla hawajafika barabarani.

Nilikwenda Magu kuzika, pamoja na sajenti aliyekuja na jeneza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona uso. Alikuwa amekonda, na buti zake zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani. Baada ya maziko mama wa marehemu alituita ndani, akamgeukia sajenti.

"Baba, mwanangu aliumwa siku ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na redio mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo, mama. Haikuwa na betri."

Mama alirudia neno hilo taratibu, betri, kama mtu anayeuliza njia asiyoijua. Nilitaka kumweleza habari za mzabuni, za barua, za sahihi yangu. Akatuletea wali, tukala kwa sababu alikuwa anatutazama.

Siku tatu baadaye nilimsindikiza sajenti bandarini, akapande meli ya Bukoba. Aliniomba chumvi na vidonge vya malaria, nikampa vile nilivyopata madukani. Kuhusu betri hakuniuliza.