Vidole Nilivyovitunza

Nilipokuwa kijana niliviogopea vidole vyangu kama mtu anavyoogopea mayai njiani. Kanisani kwetu, huku Kisondela, mpigaji wa kinanda nilikuwa mimi peke yangu, kile kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Basi parachichi nilipasuliwa na mke wangu, maana nilishaona kisu kinavyoteleza kwenye kokwa. Kuku wa Krismasi alichinjwa na jirani. Mlango wa gari niliusogelea mikono ikiwa mfukoni.

Wanaume wenzangu hawakuniacha.

"Bwana Vidole, leo umeviogesha?"

"Nimeviogesha, sasa vimelala," niliwajibu, na mke wangu alicheka kuliko wote. Kisha alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nazikumbuka sana siku zile: moshi wa kuni, ukungu ukishuka migombani, yeye akimenya ndizi huku akiimba sauti ya pili ya wimbo niliokuwa naufanyia mazoezi mezani, bila kinanda. Ningependa kuishia hapo, lakini kuna neno nililomwambia ambalo nimelibeba mpaka uzeeni.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake sikukuu ya mavuno, na kwaya ya Suma ilikuwa inakuja. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

"Baba, nenda kaukate ule mkungu. Wageni watakula nini?" mke wangu aliniuliza.

"Mama, kesho napiga kinanda."

"Kinanda kinaliwa?"

Sikuinuka. Alikwenda mwenyewe. Baada ya muda nilisikia ukelele mmoja tu. Mpini wa panga ulikuwa umelowa, ukamponyoka, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikakatika hadi mfupa kuonekana. Nilikifunga kwa upande wa kanga, na hapo ndipo nikasema:

"Unaona sasa? Ingekuwa mimi, kesho ingekuwaje?"

Aliniangalia.

Nilimpakia kwenye baiskeli nikampeleka zahanati, akashonwa. Kidole kilipona, ila hakikukunjika tena. Jumapili ile nilipiga vizuri kuliko siku zote. Wageni walinipa mkono mmoja baada ya mwingine. Yeye alikaa upande wa akina mama, mkono ameuficha ndani ya kanga.

Siku hizi kanisani kuna kinanda cha umeme na vijana wanakipiga vizuri. Watoto wetu wako Mbeya na kwingine. Baridi ya huku imemshika mke wangu kwenye viungo, hata kisu hakikamati. Kwa hiyo ndizi namenya mimi, niliyefika uzeeni na vidole kumi visivyo na hata kovu. Nazungushia plasta kwenye kidole gumba kabla hata sijakatwa.

"Umejeruhiwa na nini?" huniuliza.

"Bado. Najiandaa."

Hucheka mpaka akohoe. Jinsi anavyocheka ndivyo ninavyozidi kuumia, kwa sababu sikuwahi kumwomba msamaha.

Juzi, tukiwa jikoni nikimenya ndizi, maji yakiwa yameanza kuchemka, nilijikaza.

"Mama, siku ile ya mkungu, lile neno nililosema..."

"Ingekuwa wewe, kesho ingekuwaje," alimalizia, bila kuacha kuchochea moto.

"Kumbe unalikumbuka."

"Nililisikia kila Jumapili ulipokaa kwenye kile kinanda. Umengoja nini miaka yote hii?"

"Niliogopa."

"Na neno la msamaha nalo lina makali?"

Niliweka kisu chini. Nikamwambia kwamba nilivipenda vidole vyangu nikasahau vyake, na kwamba siku ile ningepaswa kulia naye, si kujihesabia bahati. Nikamwambia anisamehe. Kisha akausogeza mguu wake mpaka ukagusana na wangu, pale pale kwenye maganda.

"Endelea kumenya, mume wangu," alisema. "Nakusikia."