Misuli Isiyokuwa Ukutani

Kuna watu wakimwona kijana anainua vyuma wanatabasamu. Mimi husonya. Nikimwona ameweka chuma nyuma ya shingo anakisukuma juu, nasonya mara ya pili, na akiwa karibu namfokea. Mke wangu amechoka kuniombea radhi kwa watu tusiowajua.

Jimu yetu ya mtaa wa Nyalenda ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga unga, miaka ya themanini, na upande mmoja haikuwa na paa. Chuma chetu kilikuwa ekseli ya trela, na uzito wake ni mikebe ya mafuta ya kupikia tuliyoijaza saruji. Benchi nililitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao kutoka ufuo wa Dunga, maana kazi yangu ilikuwa kuunda mashua. Mchana nilipigilia misumari na kuziba nyufa kwa pamba, jioni nikatembea hadi Nyalenda kuinua saruji. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilijiona fahali.

Kocha wetu alikuwa askari jela mstaafu, kifua kama mlango wa ghala, sauti ya kuamsha kambi nzima. Tulimwita Mwalimu. Siku moja alikuja na picha kubwa aliyopewa na mwenye duka mmoja mjini, picha ya mtu aliyechunwa ngozi, kila msuli umeandikwa jina lake. Ilikuwa imechapishwa pande mbili. Upande mmoja mtu anakutazama, upande wa pili amekupa mgongo. Mwalimu akakusanya unga uliomwagika pale kinuni, akapika gundi, akampaka yule wa mgongo kuanzia kisogoni hadi visiginoni, akambandika ukutani. Sote tuliona. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu Mwalimu ni Mwalimu.

Elimu yetu ikakatwa nusu siku hiyo, na nusu tuliyobaki nayo tuliikariri kama watoto wa shule ya Jumapili wanavyokariri Amri Kumi. Msuli mkubwa unaofunika bega ni deltoidi, una sehemu ya mbele na sehemu ya kando. Ile ya kando tuliiita kofia, kwa vile ikijaa bega huonekana limevaa. Unaopanda kutoka begani hadi shingoni ni trapezi, nasi tukauita nundu, na kila mtu alitaka ya kwake iwe ya fahali wa mnadani. Lakini deltoidi ina sehemu ya tatu, ya nyuma, na hiyo hatukuwa na jina lake, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo. Pale jimu kitu kisicho na jina hakikufanyiwa mazoezi. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kuinama akavuta uzito kuelekea nyuma. Tulisukuma tu, mbele na juu, mbele na juu, mpaka mabega yakatuinamia kifuani tukawa tunatembea kama watu wanaosukuma mkokoteni. Na tulijisifu nayo!

Fahari ya Mwalimu ilikuwa lile zoezi la nyuma ya shingo. Unaiweka ekseli juu ya nundu, unaishika kwa upana, viwiko umevirudisha nyuma, unaisukuma hadi mikono inyooke, kisha unaishusha tena mpaka iguse kisogo. Alisema hapo ndipo wanaume hujulikana. Na kwa kuwa chuma kilikaa nyuma, aliamini kinajenga nyuma. Nikikumbuka hilo damu inanichemka hadi leo.

Bega la kulia likaanza kuniuma ndani, chini ya ule mfupa wa juu, mahali ambapo kidole hakifiki. Nikamwambia.

"Wapi?" akauliza.

"Ndani, Mwalimu. Chini ya kofia."

Akanivuta hadi mbele ya picha, akaugonga ukuta kwa kidole. "Nionyeshe hiyo msuli yako."

Nikatafuta. Chini ya kofia hakukuwa na kitu.

"Unaona? Haiko. Hiyo ni uoga, omera. Maumivu ya mwanaume inajenga mwili. Ongeza mkebe."

Nikaongeza.

Mashua ikiwa juu ya magogo, fundi huifanyia kazi mikono ikiwa juu ya kichwa. Asubuhi moja niliinua nyundo, mkono ukafika usawa wa kifua ukagoma. Haukuuma sana, uligoma tu, kama punda. Nyundo ikaanguka mchangani, na mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu, akacheka akidhani namtania. Baada ya siku chache hakucheka tena. Alinipa kazi ya kukoroga lami, kazi ya mtu asiye na ufundi.

Mama alisema ni wivu wa majirani. Mchungaji aliniombea akilikandamiza bega mpaka nikapiga kelele, waumini wakadhani pepo anatoka. Jirani alinipaka mafuta ya samaki aina ya mbuta, nikanuka wiki nzima. Zahanati walinipa vidonge. Mwalimu naye alituma salamu kwamba nirudi nikiwa tayari kuwa mwanaume. Miaka ikaenda hivyo, na mimi nakoroga lami.

Tayari ilikuwa miaka ya tisini shemeji yangu wa Kombewa aliponiburuta hadi hospitali ya huko kwao, ambako kulikuwa na mama wa kutibu viungo. Alinikalisha, akabonyeza kidole gumba juu ya lile fupa pana la nyuma ya bega. Niliruka.

"Baba, hii nyuma imekauka kabisa. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza mashua, kisha ekseli. Alitaka nimwonyeshe, na kwa kuwa sikuweza, alichukua fimbo ya ufagio akaiweka nyuma ya shingo yake mwenyewe. "Hivi?"

"Hivyo."

Akaishusha polepole na kutikisa kichwa. Akaniambia kwamba chini ya deltoidi kuna misuli minne midogo, na kazi yake ni kukishika kichwa cha mfupa wa mkono kisichomoke tunduni. Wa juu unaitwa supraspinatasi. Unapita chini ya mfupa, kwenye nafasi nyembamba, na mtu akirudisha viwiko nyuma kisha akasukuma uzito juu, unasagwa pale kama mahindi. Wawili wa nyuma ndio wangeusaidia, ila wangu walikuwa hawajawahi kufanyishwa kazi tangu nizaliwe. Nyundo nayo ilichangia, alisema. Alinitajia majina yote manne, nikayarudia moja baada ya jingine. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu, na nilikuwa karibu kulia.

"Itarudi?"

"Ungekuja mapema, ingerudi. Sasa hiyo ya juu imekatika na imejivuta ndani. Tutaokoa kidogo. Lakini mkono juu ya kichwa haitafika."

"Na mashua?"

"Mashua hapana, Baba."

Sikurudi nyumbani. Nilipofika mjini nilienda Nyalenda moja kwa moja. Mwalimu alikuwepo, mvi kichwani, kifua kile kile, na vijana wapya wamejipanga, mmoja wao ana ekseli kisogoni. Nikamwambia mbele yao wote, "Mwalimu, iko. Ile msuli ulisema haiko, iko." Nikamtajia yote manne kwa majina. Nikamwambia mmoja umekatika na kazi yangu imekwenda nao, na kwamba awasimamishe watoto wa watu kabla hawajawa kama mimi. Nilipiga kelele mpaka mwenye kinu akatoka kutazama.

Mwalimu alinisikiliza mikono kiunoni. Hakukasirika. Alinisogelea akasema kwa upole, na upole ule sitamsamehe, "Inua mkono tuone."

Nikauinua. Ukafika kifuani, ukakwama pale.

Akawageukia vijana. "Mnaona huyu? Hapa hakuna mtu alikuwa na nguvu kama yeye. Aliacha mazoezi."

Nilifungua mdomo nimtukane. Lakini vijana hawakuwa wakinitazama usoni. Walikuwa wanalitazama bega langu, na niliona wazi kwamba wamemwamini Mwalimu.