Kidude cha Shangazi Kimestaafishwa

Umewahi kutupa kitu kizima kwa sababu tu aliyekitengeneza amekichoka? Kama umewahi, usingeelewana na Katiba. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata chuoni, maana hakukuwa na jambo, hata foleni ya kantini, ambalo hakulitafutia haki ya mtu ndani yake. Mchana ule, akiwa amepiga magoti chini ya meza ya shangazi yake, alikuwa amepata haki mpya ya kupigania: kidude cheusi cha Wi-Fi, kidogo kama kidole gumba, kilichochomekwa nyuma ya kompyuta na kugoma kuwaka.

Shangazi yake alikuwa mkataji. Miaka mingi alisimama kwenye meza ndefu ya kiwanda cha sare akichora kola na mikono ya mashati, mpaka wakubwa walipoleta mashine mpya na vijana wa kuziendesha. Siku aliyopunguzwa kazini ndiyo siku kompyuta za zamani zilipotolewa nje kusubiri gari la taka. Akaomba moja. "Tumeachishwa wote wawili," alimwambia mlinzi wa geti, "acha tuondoke pamoja." Akaenda nayo nyumbani, ikiwa na programu yake ya kuchorea nguo na kidude chake cha Wi-Fi, akajifundisha mwenyewe mpaka mkono ukaizoea kama ulivyozoea mkasi.

Sasa karakana moja ya sare ilikuwa inatafuta mkataji. Meneja wake, mama mmoja wa maneno ya haraka, alikuwa mji mwingine na hakutaka kuona vyeti. Alitaka kesho saa tatu asubuhi amtazame Shangazi akichora shati kwenye kompyuta, mubashara. Akiridhika, kazi ni yake, na ataifanyia nyumbani. Ila wiki iliyopita diski ya kompyuta ilikuwa imekufa. Fundi aliweka nyingine na mfumo mpya, akairudisha programu ya kuchorea, lakini mfumo huo ulikitazama kile kidude kama mgeni aliyekosea mlango.

"Kinataka nini hasa?" Shangazi aliuliza.

"Draiva. Ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kukitumia."

"Na hiyo draiva iko wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Na mtandao tunaupata kwa kutumia nini?"

Katiba alikuna kichwa. "Kwa kidude."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Basi ngoja nikupikie chai, baba. Naona tutakaa."

Simu ya Shangazi ilikuwa ya vibonyezo. Ya Katiba ilikuwa nzuri, lakini tundu lake lilikuwa limebakiwa na kazi moja tu, kupitisha chaji. Ukiiunganisha na kompyuta, hazisemeshani. Njia iliyobaki ilikuwa kushuka ngazi na flash mfukoni, kuvuka barabara hadi duka la kuchapisha, kupakua, kuvuka, kupanda, kujaribu.

Mwenye duka aliitwa Karatasi, na alipenda kusema kuliko kuchapisha. Alikigeuzageuza kile kidude mkononi.

"Kijana, hiki ni marehemu. Kipya kinauzwa pale kona."

"Hiki ni kizima, mzee. Kilichokufa ni moyo wa waliokitengeneza."

"Haya. Basi leta mashine yenyewe hapa. Mimi nina waya wa mtandao. Unachomeka, kazi imekwisha."

"Hiyo ni kusalimu amri."

"Kwani tuko vitani?" Karatasi alicheka. "Kompyuta namba mbili iko wazi. Pigana."

Alipigana. Kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kidude alikuta picha yake, jina lake, na sentensi moja: bidhaa hii imestaafishwa. Palipotakiwa kuwa na draiva palikuwa peupe. Katiba alihisi damu ikimpanda. Nani aliwapa ruhusa ya kukistaafisha kitu kilichokuwa kikifanya kazi wiki iliyopita? Tovuti nyingine zilikuwa na vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa PAKUA. Alibofya kimoja akapewa programu ya kusafisha kompyuta, akabofya cha pili akapewa mchezo wa karata. Cha tatu kilimpa draiva kweli. Akavuka barabara, akapanda ngazi, akaiweka. Kidude kimya.

"Bado?" Shangazi aliuliza.

"Bado."

"Chai imepoa."

Akashuka tena, akapanda tena. Jina la kidude lilikuwa sahihi, draiva zilikuwa za jina hilohilo, na bado kompyuta ilisema haioni kitu. Katika safari ambayo magoti yalikuwa yameanza kulalamika, alikipeleka dirishani na kukitazama kwa makini. Chini ya jina, mahali ambapo dole la Shangazi lilikuwa limeshika miaka yote, palikuwa na maandishi yaliyofutika: toleo la... na baada ya hapo, weupe. Akaelewa. Kampuni ilikuwa imeuza vidude tofauti kabisa kwa umbo moja na jina moja. Nje pacha, ndani hawana hata ukoo.

"Matapeli!" alipiga meza.

"Usinipigie meza," alisema Shangazi. "Meza haijakukosea."

Alifungua orodha ya vifaa ndani ya kompyuta, akanakili kwenye kiganja herufi na namba zinazotaja chipu yenyewe, ule ubongo wa ndani ya kidude, akavuka barabara mara nyingine akitafuta namba badala ya jina. Jua lilikuwa linashuka alipoipata, kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wasiojuana, ambako mtu mmoja alikuwa ameweka draiva ya waliotengeneza chipu na kuandika: chagua kwa mkono, usiiache kompyuta ikuchagulie.

Akachagua kwa mkono. Taa ya kijani ikapepesa, ikatulia. Jina la Wi-Fi ya muuguzi wa mlango wa pili, aliyewapa paswedi baada ya kushonewa sare, likatokea kwenye skrini.

Shangazi alipiga kigelegele kifupi, kisha akaona haya. "Umefanya kazi, mwanangu. Sasa izime, tupumzike."

"Usiizime, Shangazi! Iache hivihivi, isije ikasahau."

"Mimi huzima kila kitu kabla ya kulala."

"Leo tu. Nisikilize mimi."

Akamsikiliza.

Asubuhi, Katiba alifika akipiga mluzi. Shangazi alikuwa amevaa gauni la heshima na tepu ya kupimia shingoni, ameketi wima mbele ya skrini, mikono mapajani. Alionyesha kwa kidevu.

Kompyuta ilikuwa imekesha. Kwa kuwa ilikuwa na mtandao, ilijipakulia maboresho, ikaiondoa draiva ya jana, ikaweka mpya iliyoipenda yenyewe. Taa ya kidude ilikuwa imezimika. Katiba aliketi, akaivuta kibodi mapajani, akachomeka flash na kuirudisha ya jana. Kompyuta ikajibu: tayari una draiva bora zaidi.

"Bora kwa nani?" Katiba alifoka. "Bora kwa nani, we mashine?"

Akajaribu tena, na jibu likawa lilelile. Akachomoa kila kilichochomoka, hata kibodi, akaapa, akageukia ukuta, akaanza kueleza habari za kampuni, haki za mnunuzi, na siku ambayo watu watakataa. Alipogeuka kutafuta msikilizaji, kiti kilikuwa kitupu, na chini ya meza, pale lilipokuwa kasha la kompyuta, palibaki vumbi la mraba.

Akakimbilia dirishani. Kule chini, Karatasi alikuwa katikati ya barabara amekumbatia skrini kwa mkono mmoja na kusimamisha magari kwa mkono mwingine. Nyuma yake Shangazi alivuka taratibu na gauni lake la heshima, beseni la kufulia kiunoni, kasha la kompyuta ndani ya beseni, kipanya kikining'inia kwa mkia wake. Hakutazama juu. Wakaingia dukani.

Baada ya muda kidogo alitokeza kichwa mlangoni.

"Katiba! Kibodi!"

Alitazama mikono yake. Kumbe kibodi ilikuwa kwapani.

Alishuka ngazi mbilimbili. Alipoingia dukani akihema, waya wa Karatasi ulikuwa umeshachomekwa, na kwenye skrini uso wa yule meneja ulikuwa unacheka. Shangazi, mgongo wima, alikuwa anamwambia:

"Samahani, mama, nusu dakika tu. Kibodi ilikuwa kwenye ngazi."

Bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, akaipokea, na kuanza kuchora kola.