Nilivyostaafu Sauti ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na kaptura ya shule. Nilikuwa darasa la tano. Wenzangu kazini walikuwa wababa wenye ndevu, wakulima wa korosho wa kijiji chetu cha Chilangala, juu mlimani, na kazi yenyewe ilikuwa kuimba. Ninyi wadogo zangu mnaosoma haya mkiwa bado na sauti za kengele, kaeni sawasawa, mstaafu anaongea. Nina miaka kumi na sita na kiinua mgongo sikupewa.

Kwaya yetu ya wanaume haikuwa na kinanda wala ngoma. Ilikuwa midomo mitupu, sauti nne. Ya nne, yaani besi, ndiyo msingi. Ya pili hubeba wimbo wenyewe, ya tatu huziba nyufa, na ya kwanza huelea juu ya wote. Shida ni kwamba mbaba wa kuelea hakupatikana. Aliyejaribu kabla yangu alisikika kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Ndipo Mwalimu wa kwaya, mzee aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, akanikuta nyuma ya kanisa nikimwiga padri anavyoimba misa. Nikajua leo fimbo ipo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Rudia."

"Nirudie nini, Mwalimu?"

"Huo utovu wa adabu. Ila safari hii panda juu zaidi."

Nikapanda. Jumamosi yake akanisimamisha mbele ya wababa. Mwenyekiti wa kwaya, Baba Neema, besi lenye tumbo lake, akanigeuza kama kuku anayetaka kumnunua.

"Mwalimu, huyu si atalala kabla ya ubeti wa pili?"

"Akilala, atalala kwenye noti yake," Mwalimu akajibu, na ajira yangu ikawa imepita.

Kila mwaka, korosho zikishauzwa, tulikwenda kambi Lulindi. Kambi ya kwaya ni kuhama nyumbani na kuishi pamoja kwa ajili ya mazoezi tu. Tulilala kwenye mikeka darasani, na wababa walikoroma kwa sauti nne kamili. Asubuhi kila sauti ilijifunza peke yake, mchana tukaunganisha. Mwalimu ndiye aliyetoa do, noti ya kuanzia. Kwaya isiyo na chombo inaishi kwa do hiyo. Ikiwa juu mno, sauti ya kwanza inakabwa. Ikiwa chini mno, besi wanakula udongo.

Halafu kuna jambo ambalo msipolisikia wenyewe mtasema nawadanganya. Sauti nne zikishikana barabara, inasikika ya tano juu yao, na hakuna anayeiimba. Mwalimu aliiita mgeni. "Mgeni kaja," alikuwa akinong'ona huku amefumba macho, na wale watu wazima waliogombania ukoko dakika chache nyuma, vinyweleo viliwasimama. Mimi ninayecheka hata kwenye mtihani, pale sikucheka. Nilitamani tusifike mwisho wa wimbo.

Kambi yangu ya mwisho nilikuwa kidato cha pili. Siku ya kwanza tu, katikati ya aleluya, sauti yangu ikapasuka. Wababa wakacheka, nami nikainama kuwashukuru kama mcheza sarakasi. Mwalimu hakucheka. Kesho yake nyimbo zikawa nyepesi kwangu, keshokutwa zikazidi. Nikajisifu kwamba nimepona. Nilichoshangaa ni kwamba mgeni hakuja hata mara moja.

Jioni moja nilipeleka sahani jikoni, nikamsikia Baba Neema upande wa pili wa ukuta.

"Mwalimu, do unayotoa siku hizi ni ya kaburini. Sisi besi tunachimba kisima."

"Chimbeni."

"Kwenye mashindano Newala watatucheka."

"Nikiirudisha pale pake, mtoto hafiki. Mpeni kambi hii moja, Baba Neema."

Besi lile likashusha pumzi. "Basi tutachimba."

Kumbe mzee alikuwa anashusha wimbo mzima, kidogo kidogo, wababa wote wanashuka nao, ili mimi nisianguke.

Kesho yake mchana, kabla hajatoa do, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kustaafu."

Wakaangua kicheko. Walijua ni yale yangu.

"Tupe do ya zamani," nikasema.

Alinitazama sana. Akaitoa. Nikapanda, na mstari wa tatu ukanipasukia kooni kama gunia bovu. Hapo kicheko kikakatika. Mwalimu akaja, akaniwekea kiganja shingoni.

"Iache. Usiimbe mpaka ijue inakokwenda."

"Inakwenda wapi, Mwalimu?"

"Hata mimi sikujiandaa kuiaga," akasema, akageuka kuwapanga wababa upya, sauti tatu.

Wastaafu hutoa mawaidha. Yangu ni mafupi: imbeni sasa hivi, na msimcheke anayepasukiwa katikati ya wimbo. Zamu yenu iko njiani.

Mimi nilikwenda shule ya bweni Masasi, na huko sauti ikashuka mpaka tumboni, ikajenga. Likizo iliyofuata nilimkuta Mwalimu kitandani. Ilikuwa mara yetu ya mwisho kuonana, ingawa kuonana si neno lake: macho yalikuwa yameshamwacha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Barnaba."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Barnaba namjua. Ile sauti nimeilea mwenyewe. Ninyi besi mkikosa kazi mnakuja kutania wagonjwa."

"Ni mimi kweli, Mwalimu."

"Haya, haya." Akapumzika kidogo. "Mwenyewe atakuja?"

Nikafungua mdomo nimpe noti moja tu ya juu, yoyote. Ikatoka hewa.

"Atakuja," nikasema.

"Mwambie avae sweta. Upepo wa huku juu unaharibu koo."

"Nitamwambia, Mwalimu."