Nilivyoita nyama ya akina mama mbele ya mbunge wa London, wakati wa Emergency

Wakuu, nianze na aibu ndio tuimalize: nilijikojolea mbele ya mbunge wa London, kisu mkononi, nimevaa suruali ya khaki. Khaki haifichi kitu.

Hamjambo lakini? Mjukuu ndiye alinifungulia akaunti hapa, kuandika ni mimi mwenyewe. Shule niliacha standard four, kwa hivyo makosa mtakayoona ni yangu original. Story nayo sijaongeza chumvi.

Mimi ni wa Githongo, lakini wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa butchery ya Saidi pale Makutano, Meru. Saidi alikuwa Mwislamu wa town, mtu wa mzaha, rafiki kuliko bosi.

Ilikuwa Emergency, ile hali ya hatari ya Waingereza, na kura ya kwanza ya Mwafrika ilikuwa inakaribia. Lakini sisi watu wa huku mlimani, kama huna kadi ya serikali ya kusema wewe ni mwaminifu, hupigi.

Ndugu yangu mkubwa, Mutwiri, alikuwa detention bila kesi. Kulalamika kwa DO, mzungu wa serikali wa wilaya, ilikuwa ni kujipeleka huko kwa Mutwiri.

Sasa watu wakapanga polepole. Kulikuwa na wageni wa nje wanatembezwa na serikali waone vile tuko na raha. Ikakubaliwa kila mgeni, popote atapita, asikie neno moja: wengi hapa hawaruhusiwi kupiga kura, waulize wenyewe. Consul wa Amerika aliambiwa Nairobi. Mtu wa gazeti aliambiwa Githongo. Wakirudi kwao waseme kitu kimoja, London imsukume gavana kabla ya kura.

Mbunge alikuwa anaenda Karurumo, Embu. DO wa huko akaagiza mbuzi kwa Saidi. Na pass ya kusafiri na nyama nilikuwa nayo mimi. Mnaona shida inapoanzia.

Saidi akanifundisha neno lile kwa English: "Sir, most people here cannot vote. Ask them." Nilikariri nikiosha matumbo.

"Ukimpa ubavu wake, sema ukitabasamu," akaniambia.

"Na nikishikwa?"

"Ukishikwa mimi sikujui. Lakini nitalia."

Kufika Karurumo, mbele wamekaa wenye kadi, nguo safi, wanaimba. Wasio na kadi, wengi akina mama, wamefichwa nyuma ya store ya kahawa na majembe yao. Walikuwa wanachimbishwa mtaro kwa lazima. Homeguard, askari mwenyeji wa serikali, amesimama nyuma yangu na bunduki.

Nikampelekea mbunge ubavu. Nikafungua mdomo.

English ikaenda yote. Ikabaki "Sir".

Nikasema Sir. Akasema yes? Nikasema Sir. Hapo ndio maji yalishuka.

DO ananiangalia. Nikajiona tayari niko kambini na Mutwiri. Nikarudi kwa nyama, nikamalizia kukata, mdomo ukafanya kazi ile umeizoea.

Kwetu mkata nyama akimaliza anaita kila kundi lije lichukue fungu lake. Kuitwa ukose kwenda ni matusi. Nikapaza sauti:

"Nyama ya wazee! Nyama ya vijana! Nyama ya akina mama!"

Wakuu, walikuja.

Wote. Matope hadi magotini, majembe begani, homeguard hawajui washike nani. Mbunge akasimama na ubavu wake mkononi, akauliza kupitia mkalimani aliyekuja naye: hawa ni nani?

Mama mmoja mzee, Igoki, akajibu: "Sisi ndio kijiji. Kadi hatuna, kura hatuna. Na nyama yetu iko wapi?"

Mgeni alipoondoka nilichapwa, nikatupwa cell siku kadhaa. Kilichoniokoa ni suruali. DO mwenyewe alisema mtu wa siasa hawezi kujikojolea hivyo, huyu ni mjinga tu, mwacheni aende.

Siwadanganyi, kura ile wengi wetu hatukupiga. Lakini tulisikia maswali yaliulizwa London, na kazi ya mtaro wa Karurumo ikasimamishwa. Mutwiri naye akarudi, amekonda, lakini akarudi. Kama ni sisi tulifanya, sijui.

Somo langu ni dogo: uoga haukuzuii kufanya kitu, unakulowesha tu. Wenye wazee Meru na Embu, waulizeni walikuwa wapi siku hizo, mniandikie hapa chini. Kunicheka pia ruhusa.

Nilipofika Makutano, Saidi aliniangalia kutoka kichwa mpaka suruali, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe," akasema, "nilikutuma sentensi moja, ukampelekea kijiji kizima."