Mahali pa Mtu Kati ya Reli Mbili

Ukitaka kucheka cheka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, tena alasiri, sijaonja pombe ya mbege hata tone. Shule niliishia darasa la tatu. Uongo mrefu hivi ningeutungaje?

Binti yangu Neema alipewa treni ya kuchezea na mama mmoja aliyekuwa anahama Kisongo. Kichwa kimoja, mabehewa kadhaa na reli zake. Akaniletea mimi, maana ujana wangu wote niliumaliza relini nikiunganisha mabehewa. Unadhani nililala? Nikaitandaza kwenye meza ya waya ya kuanikia kahawa, nikaanza kupanga kastesheni: njia moja ya kupita, tatu za kuegesha. Mke wangu akasema, "Baba Neema, kahawa ikiiva tutaianika wapi, kwenye upara wako?" Mama huyu ana mdomo, lakini tuyaache.

Meza ilikuwa nyembamba. Ili zile tatu zienee nikazibananisha, mabehewa yakabaki kidogo yagusane. Nikafurahi kama mtoto.

Ukungu ukashuka toka mlimani, kama kawaida yake. Kuinua macho, namwona Elirehema ng'ambo ya meza. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na alikufa kwa kubanwa kati ya mabehewa ya njia mbili, mimi hata sijaoa. Enzi zile alinizidi umri. Sasa alionekana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Ungefanyaje? Mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umepanga vizuri. Sasa mimi nisimame wapi?"

Nikatazama. Kweli, nilipima mabehewa, mtu nikamsahau. Hata kidole hakikupita.

"Ni ya kuchezea tu, kaka."

"Na ile ya kweli waliipanga hivi hivi. Bado nimebanwa, mdogo wangu. Nitoe."

Akalaza jani la isale juu ya njia ya katikati. Sisi Wameru, mtu akikuletea isale amekuomba, na humkatalii, hata awe adui. Sembuse marehemu? Nikaing'oa njia ile yote. Akashusha pumzi kama mtu anayetua gunia, akaingia migombani.

Mke wangu akatokea jikoni. "Yule kijana ni wa nani? Na wewe mzee mzima unampa shikamoo?"

Nikaanza kuzikusanya reli nilizong'oa.

Njia za kuegesha zimebaki mbili, katikati peupe. Ule mlio wa vyuma kugongana, ulionishtua usingizini tangu tumzike, sijausikia tena. Ila najiuliza, wengine wangapi wamebanwa, na nani atawafungulia? Nawe unayepanga, iwe reli, iwe soko, iwe vyumba vya kupangisha, tenga kwanza mahali pa mtu kusimama. Ukipuuza, omba tu atakayekuja kukuuliza awe mtu mliyependana.